Kisa Kimoja cha Kijani

1

Jumatatu ile, saa nne kasoro asubuhi, nilimsikia Twilumba kwa mara ya kumi na moja.

Sikushtuka tena. Mara ya kwanza, mwezi uliotangulia, nilimwaga chai yote mezani nikasingizia upepo, ingawa madirisha ya ofisi yetu hayajawahi kufunguliwa tangu jengo lizinduliwe. Makambako kuna baridi, nani afungue dirisha. Mara ya kumi na moja nilikaa tu, mikono mapajani, nikasikiliza sauti ya mtu aliyekufa miaka kumi na mitano iliyopita ikijitambulisha kwenye spika.

"Na-na-naitwa Twi... Twilumba Ngi-Ngimbudzi. Nimetokea Lu-Lupembe."

Kikapita kimya. Halafu sauti ya mwanamume aliyekuwa anamsaili: "Haya, endelea, mbona unatuchelewesha." Hapo ikakata.

"Mzimu huyo huyo tena," alisema Mwanakombo.

Mwanakombo Shehe ndiye fundi mkuu wa Chekeche, mashine yetu ya kuchuja waombaji kazi. Ni mtu wa Tanga, amejaa utani mpaka kwenye kope, na tangu ahamie huku juu anavaa sweta mbili na kutulaumu sisi wenyeji kwa hali ya hewa. Mzimu ni neno lake. Vitabuni kinaitwa kisa mzazi. Sheria inasema Chekeche ikimkataa mtu lazima itoe sababu, na sababu yenyewe isiwe tarakimu ambazo mwombaji hazielewi. Basi Chekeche huchomoa kipande cha usaili wa zamani, kile kilichoipa uzito mkubwa kuliko vyote katika uamuzi wake, na kukipiga wazi. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa na mtu wa zamani.

"Njoo uone, dada Vai," akasema. Hakuwa anatania.

Nikasogeza kiti. Kwenye kioo cha kompyuta yake kulikuwa na mistari kumi na moja, waombaji kumi na mmoja wa kazi ya kuongoza treni, wote wamekataliwa, na mbele ya kila mmoja namba ya kisa mzazi ilikuwa ile ile, 2117.

"Tisa wana kigugumizi," akasema. "Mmoja alipata kiharusi, mdomo umebaki mzito. Mmoja ni kiziwi, anasailiwa kupitia mkalimani, kwa hiyo jibu lake linachelewa kidogo. Chekeche yetu inawakata watu wanaochelewa kuongea."

"Haijui kigugumizi ni nini. Tuliizuia kabisa kuangalia ulemavu."

"Haijui, ndiyo. Haijui kabila, haijui dini, haijui baba yako nani. Inachojua ni kwamba watu hawa wanafanana na mtu mmoja." Akagusa namba kwa kucha. "Tuna visa elfu nne mia mbili na sita, dada. Unajua wenye kigugumizi ni wangapi? Mmoja tu. Wengine hawakuwahi kufika kwenye chumba cha usaili, waliishia getini kwa mlinzi. Na huyo mmoja ana rangi ya kijani, maana yake kuna mtu kaapa kwamba alikataliwa kwa haki. Ungekuwa wewe ndiyo Chekeche, ungejifunza nini?"

Nikaisoma tena ile namba.

"Nani aliyemtia kijani?" akauliza.

Majina ya walioapa yanafichwa hata kwake. Anayeyaona ni mweka rangi mkuu peke yake, na mweka rangi mkuu ni mimi.

"Nitaangalia," nikamwambia. Sikuwa na haja ya kuangalia.

2

Niseme wazi, maana nimechoka kuzungukazunguka. Kazi yangu niliipata kwa kimemo.

Wadogo siku hizi wanadhani kimemo kilikuwa kitu kikubwa, barua yenye muhuri. Wapi. Changu kiliandikwa nyuma ya kadi ya mchango wa harusi. Baba yangu mdogo alikuwa anajuana na mwenyekiti wa jopo la usaili pale Reli ya Nyanda, akageuza kadi iliyokuwa mfukoni mwake, akaandika kwa kalamu nyekundu: *Huyu ni binti yangu, muangalie.* Nilimkabidhi mwenyekiti asubuhi ile kabla sijasailiwa. Akasoma, akakunja, akatia mfuko wa shati.

Tulikuwa tumebaki wawili kwa nafasi moja. Mwenzangu alikuwa Twilumba. Tulikaa chini, kwenye sakafu ya baraza la stesheni, na yeye aliona jinsi ninavyotetemeka. Akatoa punje za mahindi mabichi kwenye mfuko wake, akazipanga kwenye simenti, akanifundisha. Reli moja, treni nne, vituo viwili vya kupishana. "Ta-tafuta kwanza ni ipi haiwezi ku-kusimama," akaniambia. "Ya mizigo kwenye mteremko haisimami. Hiyo ipe nji... njia. Zilizobaki zitakusubiri." Ilimchukua muda mrefu kusema hayo, na mimi nilikuwa natazama midomo yake badala ya mahindi.

Nilipata mimi. Yeye aliambiwa, "Tutakupigia."

Miaka saba baadaye nilikuwa nimeshapanda, niko ofisi ya utumishi. Akaja mwanamume mmoja na koti la kazi la shamba la chai, akaomba vyeti halisi vya dada yake vilivyobaki kwetu tangu siku ya usaili. Alikuwa kaka yake Twilumba. Dada mtu alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia, kifua, na familia ilitaka vyeti vyake virudi nyumbani. Nikavitafuta, nikampa, akasaini. Akiwa mlangoni akaniambia, kwa upole tu, hata hasira hakuwa nayo, "Mpaka anakufa namba yake ya simu hakubadilisha, mama. Alikuwa anasema mtapiga."

Nilikwenda chooni nikalia, halafu nikanawa uso nikaendelea na kazi. Mtu unaendelea na kazi, ndivyo tulivyo.

Na ile kazi ya kuweka rangi, nani aliipigania kuliko mimi? Nilisimama kwenye mikutano miaka mitatu nikisema vimemo vimetosha. Nilitembelea wasaili waliostaafu, wengine hawawezi hata kutoka kitandani, nikawaapisha. Huyu mlimchukuaje? Sema kweli. Kijani, alishinda kwa haki. Nyekundu, ni kimemo, au undugu, au rushwa, au dharau. Kijivu, hakuna anayekumbuka. Chekeche ingejifunza kazi kutoka kwa kijani na uovu kutoka kwa nyekundu. Nilitukanwa katika wilaya zote za nyanda hizi. Mzee mmoja wa Ludewa alinifungulia mbwa.

Halafu siku moja mchana kikafika kisa namba 2117. Wasaili wote watatu walikuwa marehemu. Kanuni ikasema kama hakuna msaili aliye hai, ataapa aliyeajiriwa. Nikakaa mbele ya kioo, peke yangu, jina langu likinitazama. Nikajiambia: Vaileth, wewe ni uso wa kazi hii. Wakigundua kwamba hata wewe ni mtoto wa kimemo watacheka mpaka wafe, na Chekeche itazikwa kabla haijazaliwa. Ni kisa kimoja kati ya elfu nne. Nikabonyeza kijani.

Nilijidanganya kwamba nimefanya hivyo kwa ajili ya wengine. Ukweli ni kwamba niliogopa.

3

Anayekataliwa ana haki ya kuja kusikia sababu ana kwa ana. Jumanne akaja Osmundi Komba, mtu wa Songea, wa thelathini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Amefanya kazi ya kubadili njia za treni kwa mkono miaka tisa kwenye mgodi wa makaa, na sasa mgodi unafungwa. Ana mke na watoto wawili na mama mgonjwa, hayo aliyaandika mwenyewe kwenye fomu ya kuja kusikia, mahali ambapo hakuna aliyemuuliza.

Akaketi, akatabasamu.

"Ka-kabla hatujaanza, mama. Ni-nimeona jina lako mlangoni. Mlowe. Basi wewe ni mta-mtani wangu. Unikatae vizuri."

"Wangoni mmezidi," nikasema. "Mnataka kazi ya kukaa kwenye kiti kinachozunguka, mikuki mmemwachia nani?"

Akacheka, nami nikacheka, na kwa dakika ile moja nilikuwa mtu mwema. Kisha nikabonyeza.

*Na-na-naitwa Twi... Twilumba...*

Nilitazama cheko likimtoka usoni. Hakukasirika. Aliinamisha kichwa upande, akasikiliza jinsi mtu anavyosikiliza akiitwa jina lake na sauti asiyoijua. Ilipokata akaomba niirudie, nikarudia.

"Hu-huyu ni nani?"

"Mwombaji wa zamani. Miaka ishirini na miwili iliyopita."

"Alipata?"

"Hakupata."

Akafikiri. "Kwa hiyo mimi na-nakataliwa kwa sababu yeye mlimkataa."

"Chekeche ina njia nyingi za kupima, bwana Komba, hii ni moja tu kati ya..."

"Mama." Alinyanyua kiganja, taratibu. "Hiyo ni da-dakika ya kwanza. Usaili wa waongoza treni una vitendo mwishoni. Mi-mimi nimefanya vitendo jana, sijakosa hata treni moja. Yeye ali-alifanyaje kwenye vitendo?"

Nikamwambia sijui. Huo ndio ulikuwa ukweli, na uliniumbua mbele yangu mwenyewe. Miaka ishirini na miwili na sikuwahi kusikiliza mpaka mwisho.

"Yu-yuko wapi siku hizi?"

"Sina habari zake," nikasema.

Akashukuru. Akaniambia atakuja tena Alhamisi, siku ya lakiri, Chekeche itakapofungwa isiguswe tena, kwa sababu waliokataliwa wanaruhusiwa kukaa kwenye korido na kungoja tamko. Akanipa mkono.

4

Jumatano baada ya chakula cha mchana nilifunga mlango, nikamwita Mwanakombo, nikamwambia tusikilize kisa 2117 chote. Sikumwambia sababu. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nguzo za umeme za reli, taa zimewaka saa nane mchana.

Dakika thelathini za kwanza zilikuwa ngumu. Wasaili wanamkatiza. Mmoja anammalizia maneno, anayamalizia vibaya, naye anajaribu kurudi nyuma kusahihisha na wanamwambia wakati umekwisha. Mwanakombo alikuwa anauma ukucha.

Halafu vitendo. Kengele ikalia, ile ya mazoezi, na mwenyekiti akasoma swali: treni nne, reli moja kati ya Njombe na Madaba, ya mizigo inashuka mteremko na breki zimepata moto. Na Twilumba akaanza kuongea kwenye redio.

"Treni kumi na nne, ingia njia ya pili Madaba, simama, ngoja idhini. Treni ishirini na moja, usitoke Njombe, rudia. Treni sita, usipunguze, nyuma yako kuna mzigo, ingia njia ya tatu Madaba, rudia. Treni tisa, reli ni yako, shuka."

Hakuna mkwamo hata mmoja. Maneno ya kazi, yale yaliyopangwa, yalimtoka sawasawa, yamenyooka, kwa utulivu ambao sijausikia kwa mwongoza treni yeyote tangu wakati huo. Dakika mbili na nusu, treni nne zote salama. Halafu msaili mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Duh." Na mwenyekiti akasema, "Asante. Tutakupigia."

"A-a-asante," akasema Twilumba.

Mwanakombo alikuwa analia, waziwazi, bila kujificha. "Nani alimshinda huyu? Hebu nipe usaili wa aliyemshinda. Nataka nimsikie huyo malaika."

Nikampa. Upo pale pale, 2117B. Sauti nyembamba ya msichana wa miaka ishirini na minne. Treni ya mizigo nikaiambia isimame kwenye mteremko. Haikusimama. King'ora cha ajali kikalia, nikaanza kusema samahani, samahani, na mwenyekiti akacheka kibaba. "Atajifunza kazini. Huyu ni mtoto wetu."

Mwanakombo aligeuka kunitazama. Aliijua sauti yangu, ameisikia kila siku kwa miaka mitano.

"Dada Vai," akasema.

"Ndiyo."

"Na kijani uliweka wewe."

"Ndiyo."

Nilitegemea atanitukana, na ningefurahi. Badala yake alisimama akazunguka chumba, akavua sweta moja, akaivaa tena. Alipoanza kuongea alikuwa fundi.

"Haiwezi kubadilishwa kimyakimya. Kubadili rangi kunahitaji tamko mbele ya tume, na kisa kipigwe hadharani."

"Najua. Kanuni hiyo niliitunga mimi. Ili wakubwa wasiingie kwa mlango wa nyuma."

"Na kama mweka rangi ameapa uongo kwenye kisa kimoja, visa vyake vyote vinageuka kijivu. Umeweka rangi visa vingapi kwa mkono wako?"

"Mia sita na kumi na viwili."

"Basi Chekeche inakufa." Akakaa. "Haitatiwa lakiri kesho. Taasisi arobaini na moja zinazoingoja zitarudi kwenye mambo yale yale. Unajua wangapi wanaomba kazi mwaka huu kwenye taasisi hizo? Elfu tisini. Mimi baba yangu alikuwa anasukuma mkokoteni Tanga sokoni, dada. Hakuna mtu wa kuniandikia kadi. Mimi ni mtu wa kwanza Chekeche kumchagua, ikiwa bado majaribio. Bila hiyo ningekuwa nyumbani na shahada yangu ukutani." Akavuta pumzi. "Kumi na mmoja kwa elfu tisini. Usiniulize nimefikaje kwenye hesabu hiyo, naichukia. Lakini nyamaza. Ikishatiwa lakiri itakaa miaka saba, halafu tutaisahihisha."

"Miaka saba."

"Nyamaza tu, nakuomba."

Jioni hiyo nyumbani mume wangu alitaka kuniomba chumvi, akasita katikati ya neno kwa sababu alikuwa anatafuna. Nikabaki namtazama mdomo mpaka akauliza kama naumwa.

5

Alhamisi asubuhi mkurugenzi wetu, Bwana Mgaya, alikuja ofisini kwangu mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mgaya hajawahi kuipenda Chekeche, ila ana akili, hakuwahi kusema hivyo mbele ya watu.

"Nimesikia kuna kijana wa Songea anakusumbua roho," akasema.

Sikumuuliza kasikia wapi. Kuta za jengo letu ni nyembamba.

"Bi. Mlowe, wewe umefanya kazi kubwa. Leo ni siku yako, usiiharibu kwa jambo dogo. Huyo Komba ni mzuri?"

"Ni mzuri sana."

"Basi." Akachomoa karatasi ndogo kwenye daftari lake, akaisukuma mezani pamoja na kalamu. "Kituo cha Madaba kina nafasi ya dharura, haipiti kwenye mashine. Niandikie jina lake hapo. Jumatatu anaanza. Na wale wengine kumi, ukipenda, mmoja mmoja, tutatafuta."

Alikuwa anaongea kwa wema kabisa, hicho ndicho kilichonitisha. Angelitimiza pia, ninamjua. Osmundi angekaa kwenye kiti chake Jumatatu, Chekeche ingetiwa lakiri, Mwanakombo angenisamehe, watu elfu tisini wangepimwa kwa haki isipokuwa wale wenye ulimi mzito, na hao ningewabeba mimi, mmoja mmoja, kwa vikaratasi. Niliishika kalamu. Niliandika herufi O. Nakiri hapa kwamba niliiandika.

Kisha nikaona mkono wangu unavyoandika, mwandiko uleule wa kwetu, wa kwenye ile kadi ya harusi, ulioinamia kulia, ambao babu aliwafundisha wanawe wote na wanawe wakatufundisha sisi. Nikairudisha karatasi.

"Nitafikiria, mkurugenzi," nikasema.

"Saa nane inafika upesi, mama," akasema, akaniachia ile karatasi.

6

Tume ilikuwa na watu saba. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, mama mmoja mkavu mwenye miwani ya kamba, na ukumbi ulijaa wawakilishi wa taasisi zote arobaini na moja. Lakiri yenyewe ni kifaa kidogo tu, kinaingia kiganjani. Kikibonyezwa, hakuna tena mkono wa binadamu unaoweza kuifikia Chekeche mpaka miaka saba iishe.

Jaji akasoma swali la kanuni. "Mweka rangi mkuu, unaapa kwamba rangi zote ulizoweka, na zilizowekwa chini yako, ni za kweli kwa kadiri ujuavyo?"

Nikasimama. Mwanakombo alikuwa mstari wa mbele, akinitazama, na kichwa chake kilikuwa kinatikisika kidogo sana, hapana, usiseme.

Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Nikajaribu tena. Neno lilikuwa limekaa hapo, silabi tatu, na haliji, na watu mia mbili wananingoja, mmoja akakohoa, jaji akainua miwani. Nikaelewa, kwa mwili wangu, jinsi inavyokuwa unapojua jibu na chumba kizima kimeshaamua kwamba hujui.

"Ha-hapana," nikasema.

Nikaeleza yote. Kadi ya harusi, kalamu nyekundu, kijani. Wakapiga kisa 2117 hadharani, chote, na kisha changu. Mtu nyuma akacheka king'ora kilipolia. Mimi sikuinama. Kisa kikageuzwa nyekundu mbele ya macho yao, na Chekeche, kama ilivyofundishwa, ikaamua upya usaili ule wa miaka ishirini na miwili. Ilichukua sekunde nne. *Ngimbudzi, Twilumba: ameajiriwa. Mlowe, Vaileth: hakufaulu.*

Halafu visa vyangu mia sita na kumi na viwili vikaanza kugeuka kijivu, safu baada ya safu, ukutani. Vingi kati yake vilikuwa kweli tupu. Wazee walioniapia wakiwa kitandani, yule wa mbwa wa Ludewa aliyelia mwishowe akakiri mambo yake, vyote kijivu. Kisa kimoja kilitosha kuvivunja.

Jaji akavua miwani. Lakiri haitatiwa, akasema. Kazi ya rangi ianze upya, na mtu mwingine, muda usiojulikana. Kwa sasa taasisi zote ziendelee na ajira kwa utaratibu wa zamani. Aliyasema maneno hayo ya mwisho akiwa ameinama, na ukumbini nikasikia watu wakishusha pumzi, wengi wao, kwa nafuu. Mkurugenzi Mgaya alikuwa tayari ametoa simu. Mwanakombo alikusanya vitu vyake akapita mbele yangu. Nilimwita. Hakugeuka.

Osmundi alikuwa kwenye korido, peke yake, shati lile lile. Tangazo lilikuwa limeshapita kwenye spika.

"Si-sijaelewa, mama," akasema. "Nimepata au sijapata?"

"Hakuna aliyepata. Imesimamishwa. Chekeche ilikosea juu yako na sasa wanajua ilikosea. Kosa lilikuwa langu." Nikamwambia na lile la Mgaya, karatasi, kituo cha Madaba, Jumatatu. Nilidhani anastahili kujua. Labda nilitaka anisifu.

Alikaa kimya muda mrefu. Nilingoja. Nimejifunza kungoja.

"U-ungeniandikia tu," akasema.

"Bwana Komba..."

"Mama yangu anaumwa. Mgodi unafungwa mwi-mwisho wa mwezi. Ungeniandikia tu, mama."

Akaokota mfuko wake. Kisha akakumbuka kitu, akageuka, na uso wake ulikuwa umelainika kidogo.

"Na yule mwe-mwenzangu? Wa kwenye spika."

"Vitendo vyake havikuwa na kosa hata moja," nikasema. "Wamesikia wote. Imeandikwa kwamba ameajiriwa."

"Angalau mmoja," akasema Osmundi. Alitabasamu, kwa dhati, kwa ajili ya mtu ambaye hakumjua. "A-anaanza lini?"